Kushusha Giaboksi Nyumbani: Kazi ya Siku Mbili, Si ya Saa Mbili



Swali la wiki hii limetoka kwa bibi mmoja akaaye Budondo, kaskazini ya Jinja, ambaye mumewe ni askari polisi. Anaeleza kwamba wana pikapu kuukuu ya Toyota ambayo huichukulia ndizi na mahindi kuyapeleka soko la Jinja, na karo za watoto hutoka humo. Sasa gari likipakiwa na kupanda kilima, injini hulia sana lakini magurudumu hayaongezi mwendo. Mafundi wa gereji wametaja bei inayozidi uwezo wao. Mumewe amepata likizo ya siku saba, naye ameazimia kuishusha giaboksi mwenyewe hapo uani, akisaidiwa na shemeji yake. Bibi huyo anauliza: je, amwache au amzuie?

Jibu letu ni kwamba amwache, lakini kwa masharti. Kazi hii si uchawi. Hata hivyo giaboksi ya pikapu ina uzito wa kilo 30 hadi 50, na anayeishusha hulala chali chini yake. Kwa hiyo kosa la spana hugharimu fedha, na kosa la jeki hugharimu mtu.

KWANZA HAKIKISHA UGONJWA

Wengi hushusha giaboksi bure. Kabla ya kugusa bolti moja, lifanyie gari jaribio hili mahali tambarare pasipo mtu mbele wala nyuma. Kaza breki ya mkono, ingiza gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma na gari limesimama, klachi inateleza.

Sikiliza pia. Sauti ya kusaga inayotokea ukikanyaga pedeli ya klachi aghalabu ni ya beringi ya rilizi. Sauti inayosikika gari likiwa katika frii na kutoweka ukikanyaga pedeli, hiyo hutoka ndani ya giaboksi. Tazama vilevile kama pedeli ina uwazi wake mdogo wa kuchezea, na kama mafuta ya klachi hayavuji. Mara nyingine marekebisho ya dakika kumi huiokoa likizo nzima.

Na kama gari ni la otomatiki, tunamshauri afande aliache. Giaboksi yake ni nzito zaidi, ina bakuli la mafuta mbele ambalo likikaa vibaya wakati wa kurudisha huharibu pampu, na kosa lake halionekani mpaka gari limewashwa.

TOFALI SI STENDI

Ardhi ya Budondo ni udongo mwekundu, na mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huulainisha. Jeki iliyo imara asubuhi huweza kuwa imezama jioni. Kwa hiyo chagua mahali palipoinuka na pagumu, tandika mbao nene chini ya kila jeki na kila stendi, na weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki ardhini. Mvule ni mti wa Busoga. Kipande chake kinene ni bora kwa kazi hii. Jeki ni ya kuinulia tu. Kinacholishikilia gari ni stendi za chuma, na kama huna, azima.

Tofali lisitumike kamwe. Mwaka 1991 mimi na ndugu yangu mdogo tuliinua pikapu ya Datsun tukaiweka juu ya matofali ya kuchoma, yale yale yaliyojengewa nyumba, tukidhani kwamba kinachobeba nyumba hakiwezi kushindwa na gari. Mama yetu alikuwa amegombana nasi asubuhi ile kwa sababu tairi la akiba lilikuwa limeziba mlango wa jiko. Ndugu yangu akalisukumia chini ya gari ili asisikie kelele. Saa tisa alasiri tofali moja lilipasuka katikati bila kutoa onyo lolote, na gari likashuka. Lilimkuta chini akifungua propela. Lilisimama juu ya lile tairi, likiwa limebakiza kwa kifua chake nafasi ya kiganja kimoja. Tangu siku ile sijapata kuinua gari bila kulaza tairi chini ya fremu, na sijapata tena kubishana na mama kuhusu mlango wa jiko.

Basi hilo ndilo sharti letu la kwanza kwa bibi wa Budondo. Kabla mumewe hajaingia chini, na alisukume gari kwa mikono kwa nguvu zake zote. Likitikisika, asiingie.

KUSHUSHA

Siku ya kwanza ni ya kushusha na kukagua. Anza kwa kuondoa waya hasi wa betri, kwa sababu utaifungua stata, na waya wake mnene una umeme wakati wote. Ufunguo wa gari ukae katika upindo wa leso ya mama wa nyumba, asiupate mtoto wala jirani mwenye hamu ya kujaribu.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia mafuta ya giaboksi kabla ya kile cha kumwagia. Watu hucheka wakiambiwa hivi, lakini aliyekwisha kumwaga mafuta yote na kugundua kwamba kifuniko cha kujazia kimeshika kutu hacheki. Kikifunguka, mwaga mafuta katika karai. Budondo ni nchi ya mto. Hapo ndipo palipokuwa maporomoko ya Bujagali yaliyofunikwa na maji ya bwawa la umeme mwaka 2011, na watu wengi bado huteka maji katika chemchemi. Mafuta machafu yasimwagwe shambani wala mtaroni. Yatiwe katika mtungi wenye kifuniko na kupelekwa gereji.

Propela itiwe alama ya rangi mahali inapoungana na difu, ili irudi vile vile ilivyokaa. Ikigeuzwa gari laweza kutetemeka. Mkia wa giaboksi ufungwe kwa mfuko wa plastiki na mpira wa baiskeli, maana mafuta yaliyobaki hutoka hapo. Ondoa mkono wa gia kutoka ndani ya gari, waya wa spidi, swichi ya taa ya nyuma na stata. Kama klachi ni ya mafuta, fungua silinda yake ndogo bila kukata bomba, uifunge kando kwa waya, wala mtu yeyote asikanyage pedeli.

Sasa tegemeza injini kwa jeki ya pili yenye ubao juu yake, kwa sababu ukiondoa mhimili wa nyuma injini itainama. Tegemeza giaboksi kwa jeki ya tatu au kwa kitoroli kidogo. Ndipo ufungue mhimili, kisha bolti za nyumba ya klachi. Zile mbili za juu ndizo zinazowatoa watu machozi. Tumia mkono mrefu wa soketi, na uache giaboksi iiname kidogo ili uzifikie. Bolti zake hazilingani urefu. Chora umbo la giaboksi juu ya kipande cha katoni, utoboe matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake. Kazi hiyo mtoto wa shule anaiweza vizuri, akiwa amekaa mbali na gari.

Vuta giaboksi nyuma ikiwa imenyooka. Isining'inie kwa shafti yake ya mbele hata kidogo, kwani itaipinda sahani ya klachi. Shamba la mtu mmoja halipaliliwi na watu kumi, lakini hapa wawili ndio uchache wake: mmoja ashike, mmoja aongoze, na wa tatu asimame nje akitazama jeki.

Ukiifungua klachi usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa pampu. Sahani za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu hata baada ya miaka mingi. Futa kwa kitambaa chenye maji.

KUKAGUA NA KURUDISHA

Usiku ule kaeni muandike mnachohitaji kununua. Maadam giaboksi iko chini, badilisha sahani ya klachi, presha pleti na beringi ya rilizi kwa pamoja. Tazama oili sili ya nyuma ya injini. Kama kuna unyevu wa mafuta, hiyo nayo ibadilishwe, kwa sababu mafuta yake yakifika kwenye sahani mpya, klachi itateleza tena. Flaiwili yenye nyufa au madoa ya bluu ya moto ipelekwe kwa fundi wa mashine ikasawazishwe. Akiba ya kukiacha kitu cha bei ndogo huliwa na kazi ya kushusha mara ya pili.

Siku ya pili, safisha mikono kabla ya kushika sahani mpya. Upande wake uliotuna, wenye springi, aghalabu hutazama giaboksi. Husomeka pia maandishi juu yake. Sahani ikae katikati kabisa. Kama huna kifaa chake, chonga kijiti cha mti mgumu, ukizungushie gundi ya karatasi mpaka kilingane na tundu la sahani na la beringi ndogo iliyo katika kitovu cha flaiwili. Bolti za presha pleti zikazwe kidogo kidogo kwa kuvukana, kama ukazavyo nati za gurudumu, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Kurudisha ndiko kunakoonyesha subira ya mtu. Inua giaboksi ilingane na injini, iingize gia, kisha mwenzio azungushe mkia wake polepole mpaka meno ya shafti yaingie katika meno ya sahani. Itasogea, itakwama, kisha itaingia yenyewe mpaka nyumba ya klachi iguse injini pande zote. Ikiwa imebaki nafasi ya kidole, usiivute kwa bolti! Masikio ya giaboksi ni ya aluminiamu, nayo hukatika. Rudisha nyuma, panga upya. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii methali hiyo ina bei yake dukani.

Yote yakiisha kufungwa, jaza mafuta ya gia ya aina iliyotajwa katika kitabu. Pikapu nyingi ndogo huchukua kati ya lita 2 na 3. Mafuta yatiwe kabla gari halijashuka, kwa sababu ndiyo husahauliwa, na giaboksi kavu hufa katika safari moja. Hesabu bolti: katoni iwe tupu. Unganisha betri, washa injini gari likiwa chini, kanyaga klachi na ujaribu gia zote moja moja. Kisha zunguka kijijini bila mzigo, urudi, uingize kichwa chini kutazama kama kuna tone. Katika kilomita mia kadhaa za mwanzo, mkungu wa ndizi upungue na vilima vipandwe taratibu ili sahani ikae sawa.

NENO KWA BIBI WA BUDONDO

Mumeo ana siku saba, na kazi ni ya siku mbili. Zilizobaki ni za kutafuta vifaa na za mvua. Usimharakishe kwa ajili ya siku ya soko. Ndizi za wiki moja zaweza kuchukuliwa kwa bodaboda. Wewe ndiwe mlinzi wa zamu. Watoto na kuku wasikaribie, chai iletwe kila baada ya saa mbili ili watoke chini wapumzike, na giza likiingia kazi isimame hata kama imebaki bolti moja. Afande akinung'unika, mwulize kama lindoni huachwa zamu kwa sababu imebaki saa moja.

Nalo tairi la akiba, bibi, lilazwe chini ya fremu kabla ya spana ya kwanza.