Mwerezi, Mtarakwa na Saiprasi: Nani Anayejali Jina la Mti?

Kila mwaka, ifikapo Februari na Machi, vyombo vya habari vya kimataifa hutangaza habari za Wajapani wanaotembea wakiwa wamefunika pua na mdomo kwa sababu ya chavua ya mti uitwao sugi. Kiingereza huuita mti huo kwa jina la mierezi, na kwa hivyo mfasiri wetu huuandika kwa urahisi kuwa "mwerezi wa Japani". Msomaji wa Bungoma ambaye ameujua mwerezi katika Biblia tu hubaki akidhani kwamba miti ya Lebanoni, ile iliyojenga hekalu la Suleimani, ndiyo iletayo chafya. Kosa hili halimhusu mfasiri peke yake. Kwa maoni yangu, ni dalili ya uzembe wetu sisi tunaosomea lugha hii kuhusu majina ya vitu vinavyotuzunguka.

Mwerezi wa Lebanoni ni wa ukoo wa misonobari. Sugi ni wa ukoo mwingine kabisa, ule ambao wanasayansi huuita Cupressaceae. Ndani ya ukoo huo mna pia mtarakwa wetu, yaani Juniperus procera, na saiprasi iliyoletwa kutoka ng'ambo. Ukoo huu wa pili ndio unaojulikana sana kwa kuleta mzio. Japani ilipanda sugi kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mzio wake uliripotiwa na madaktari mwaka 1964, na uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa takribani watu 4 kati ya kila 10 wanaathiriwa. Mwaka 2023 serikali ya nchi hiyo ilitangaza mpango wa kupunguza mashamba ya sugi kwa asilimia 20 katika muda wa miaka 10. Huko Texas, Marekani, mti ulio ndugu wa karibu wa mtarakwa huwasumbua watu vivyo hivyo wakati wa baridi, nao Wamarekani huuita mwerezi.

Sisi je? Katika viunga vya Kitale na Bungoma, saiprasi hupandwa kuwa ua wa shule, makanisa na maboma. Sisemi kwamba ndiyo inayowawasha watu macho. Vumbi la mahindi wakati wa kupukuchua na moshi wa kuni navyo vina sehemu yao. Ninachosema ni kwamba mganga atakayetaka kulichunguza jambo hili itambidi amwulize mgonjwa swali, na swali hilo litahitaji maneno matatu: mzio, chavua na jina la mti. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Tanzania hulijua neno chavua kwa kuwa husomeshwa sayansi kwa Kiswahili. Mwenzake wa Kimilili husomeshwa somo hilo hilo kwa Kiingereza, na afikapo nyumbani hana la kumwambia nyanya yake ila "unga wa maua". Si maelezo mabaya, isipokuwa mtarakwa na saiprasi hazina maua. Hutoa koni. Mgonjwa aliyeambiwa ajihadhari na unga wa maua ataing'oa mirosi yake bure na kuendelea kupiga chafya chini ya saiprasi.

Kwa upande wa mbao hasara huonekana mapema zaidi. Kiini chekundu cha mtarakwa kina mafuta yenye harufu nzuri, nao mchwa hawakipendi. Nguzo yake hudumu ardhini miaka mingi. Mbao zake huchongeka vizuri kiasi kwamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walijenga kiwanda cha kupasulia mbao kule Shume, Usambara, na kuteremsha mitarakwa kwa nyaya hadi Mkumbara ili ikafanywe penseli Ulaya. Saiprasi ni mbao nzuri ya ujenzi, lakini nguzo yake isiyotiwa dawa haidumu hivyo. Sasa mkulima wa Trans Nzoia anayeomba "posti za sida" ameomba nini hasa? Tangu amri ya rais ya mwaka 1986 iliyokataza ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya serikali, mtarakwa halali umekuwa adimu, na jina lisilo na mipaka humfaa muuzaji kuliko mnunuzi.

Wapo watakaosema kwamba jina la Kilatini limekwisha kulitatua tatizo. Saiprasi yetu huitwa Cupressus lusitanica, maana yake saiprasi ya Ureno, ilhali kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati! Hata hivyo, tukubali kwamba Kilatini humtosha mwanasayansi. Hakimtoshi aliye sokoni.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba milima yetu imekwisha kuchunguzwa chavua kwa makini, na hakuna aliyetusimulia kwa lugha yetu. Katika miaka ya 1960, van Zinderen Bakker alichapisha matokeo ya uchunguzi wa tope la kinamasi cha Kaisungor, katika vilima vya Cherangani. Baadaye Alan Hamilton alifanya kazi kama hiyo katika Ziwa Kimilili na kinamasi cha Laboot, Mlima Elgon. Ganda la punje ya chavua ni gumu ajabu. Likizama katika tope lisilo na hewa huweza kukaa maelfu ya miaka. Mtafiti huzamisha bomba, akatoa tope tabaka kwa tabaka, akahesabu punje kwa hadubini, na kwa aina za miti anazozikuta akaijua hali ya hewa ya kale. Tope la Kaisungor lina kumbukumbu ya zaidi ya miaka 20,000. Ni historia ya Bungoma na Kitale iliyo ndefu kuliko masimulizi yetu yote, nayo imeandikwa kwa Kiingereza tu, ingawa Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Napendekeza mwerezi tumwachie Lebanoni, saiprasi tuikubali kama ilivyo, na Juniperus procera iitwe mtarakwa popote, darasani na sokoni. Jina hili halikubuniwa na kamati. Wakikuyu husema mũtarakwa, Wamaasai oltarakwai, na baadhi ya jamii za Wakalenjin tarakwet. Kiswahili kimelipokea kutoka nyanda za juu kama kilivyopokea mengine kutoka Uarabuni. Huko Usambara wao husema mwangati, na kamusi zetu zingeyaweka majina hayo mawili pamoja.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mada za tasnifu wasiende mbali. Waende Endebess, Kapsokwony na Kaptama na daftari, wawaulize wazee wa Kisabaoti na wa Kibukusu. Kwa kawaida mtarakwa dume na mtarakwa jike ni miti tofauti, na ni dume pekee utoao chavua. Waanze kwa kuuliza kama kila mmoja una jina lake.