Shabaha haitaki bunduki ya haraka

Swali nililoulizwa zaidi ya mara moja na wanafunzi wangu hapa Kisian, na hata na mwalimu mwenzangu mmoja, ni hili: ikiwa mtu anapenda mchezo wa kulenga shabaha, anunue bunduki gani ya nusu otomatiki iliyo ya bei nafuu na ya kutegemewa? Wanaouliza si wahuni. Ni watu wenye adabu ambao wameona katika filamu na katika simu zao jinsi Wamarekani wanavyojiburudisha mwishoni mwa juma kwa kutoboa makopo na karatasi za shabaha, nao hawakuona ubaya wowote. Swali la heshima lastahili jibu la heshima. Jibu langu ni kwamba bunduki ya namna hiyo haifai kuchaguliwa hapa kwetu, iwe rahisi au ghali, na kwamba mwenye kuipenda shabaha kwa dhati hana haja nayo.

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Bunduki ya nusu otomatiki ni ile ambayo nguvu ya risasi iliyofyatuliwa hutumika kulitupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine mahali pake. Mpigaji hana kazi ila kubonyeza kifyatulio tena. Kila anapobonyeza hutoka risasi moja. Hapo ndipo inapotofautiana na bunduki ya otomatiki, ambayo humimina risasi mradi kidole hakijaachia. Nchini Marekani iko bunduki iitwayo Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Hutumia risasi ndogo ya inchi 0.22, na kibweta chake hubeba risasi kumi. Imependwa huko kwa sababu zile zile mbili: haisumbui, na risasi zake ni za bei ya chini. Sikatai kwamba kwa mkulima wa huko anayewafukuza sungura shambani ni chombo cha manufaa. Lakini chombo hupimwa pia kwa mahali kinapotumika.

Hapa kwetu sheria imekwisha kusema. Mnamo Aprili 2004 mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwao, yalitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo. Itifaki hiyo yazitaka nchi wanachama zipige marufuku kabisa raia kumiliki na kutumia bunduki za otomatiki na za nusu otomatiki. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, nayo haimruhusu raia kuwa na bunduki ya kivita inayojipakia risasi yenyewe. Silaha nyingine zote zahitaji cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na mwombaji sharti aonyeshe sababu ya maana ya kuitaka. Wala asiseme ni kwa ajili ya kuwinda, kwa maana uwindaji ulikatazwa nchini humu tangu mwaka 1977.

Yawezekana msomaji akauliza kwa nini mataifa ya eneo hili yakawa makali hivyo. Jibu limo katika maneno mawili ya swali letu: nafuu na ya kutegemewa. Hizo ndizo sifa zilizoieneza bunduki ya Kalashnikov duniani kote. Haina makuu; huvumilia mchanga, tope na mikono isiyofunzwa. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la kambi ya jeshi ya Moroto, Uganda, liliporwa, na silaha zikatapakaa Karamoja nzima. Wizi wa mifugo, ambao zamani ulifanywa kwa mikuki, ukageuka kuwa vita baina ya Wakaramoja, Wapokot na Waturkana. Serikali ya Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, mto mwingine wa silaha ukafunguka upande wa mashariki. Mwaka 2016 huko Ngong, Kenya iliteketeza hadharani bunduki haramu zaidi ya 5,000. Katika nchi kama hii, silaha kuwa rahisi kupatikana na ngumu kuharibika si sifa, ni msiba.

Nasi wa Kisumu tuna sababu yetu wenyewe. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, walinzi waliufyatulia umati risasi na watu wakafa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, risasi zililia tena mjini, na Tume ya Waki ikaeleza mwaka 2008 jinsi wengi wa waliouawa Kisumu walivyopigwa risasi na polisi. Wako akina mama katika vijiji vyetu ambao wakisikia mlio mmoja tu huwaita watoto ndani na kufunga mlango. Kwa hawa mlio wa bunduki haujawa burudani, na hauwezi kufanywa burudani kwa kuwa kijana mmoja amepata leseni.

Wako watakaonijibu kwamba mtu mwema hana hatia, na kwamba si haki kumnyima mchezo wake kwa makosa ya majambazi. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini mtu mwema huibiwa, hugombana, hulewa, na huacha kabati wazi. Uingereza, baada ya mauaji ya Hungerford mwaka 1987, ilipiga marufuku bunduki za nusu otomatiki zenye risasi kubwa, ikabakiza zile ndogo za inchi 0.22. Australia ilifanya mageuzi makubwa baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996. New Zealand ikafuata mwaka 2019, baada ya waumini 51 kuuawa katika misikiti ya Christchurch. Nchi hizo tatu hazikuwachukia wapenda shabaha. Zilipima starehe ya mmoja na uhai wa wengi, zikachagua. Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe mpe. Lakini wembe humkata aliyeushika; risasi humpata aliye mbali, ambaye hakulilia kitu.

Umbali huo nao tuutafakari. Risasi ile ndogo ya inchi 0.22, ambayo wengi huidhania kuwa ya mchezo, yaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Sasa simama katika njia panda ya Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, utazame pande zote. Ni upande gani utakaoelekeza mtutu wako usikute boma, ng'ombe, mtoto aendaye kisimani au mvuvi arudiye kutoka ziwani? Uwanja wa shabaha si shamba tupu. Wahitaji boma la udongo nyuma ya shabaha, mipaka iliyowekwa alama, na msimamizi aliyefunzwa. Ukijumlisha hayo na kasha la chuma, risasi, na ada za cheti, utaona kwamba ile bunduki ya bei nafuu haina unafuu wowote.

Hata hivyo, jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba mchezo wenyewe hauitaki bunduki hiyo. Katika mashindano ya Olimpiki ya bunduki ndefu, ya mita 10 na ya mita 50, mpigaji hupakia risasi moja kwa mkono kabla ya kila pigo. Katika mita 10 hutumika bunduki ya hewa, na alama ya kumi ni kitone cha nusu milimita tu. Abhinav Bindra aliipatia India dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja kwa bunduki ya namna hiyo, Beijing, mwaka 2008. Aliyezoea risasi kumi za haraka hujifunza kuitegemea ya pili isahihishe ya kwanza. Aliye na moja tu hujifunza kupumua, kungoja na kuamua. Shabaha ni elimu ya subira, na subira hainunuliwi pamoja na kibweta.

Basi nawashauri nini walimu wenzangu? Shule inayotaka kuanzisha mchezo wa shabaha na ianze na upinde. Hauna mlio wa kumtisha jirani, mshale wake hauendi mbali kama risasi, na nidhamu yake ni ile ile. Wala si mchezo wa kudharauliwa: Shehzana Anwar, aliyeibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, ni mpiga mishale. Mtu mzima atakayetaka kuendelea hadi bunduki na ajiunge na klabu yenye kibali, aanze na ya hewa au ya risasi moja moja, na silaha ibaki chini ya ufunguo wa klabu. Hata ya hewa isinunuliwe wala kuletwa shuleni kabla ya Bodi kuulizwa na kibali kutolewa kwa maandishi.

Nanyi wanafunzi, msione kwamba nimewanyima kitu. Pimeni mita 10 uwanjani, bandikeni karatasi yenye kitone kidogo kama kichwa cha pini, kisha kitazameni kutoka mwisho wa pili. Atakayeweza kukigonga mara kwa mara, kwa pigo moja moja, hatauliza tena bunduki ipi hupiga upesi.