Kutu Nayo Ina Somo

Katika mazoezi ya kufundisha tumezoea kumsifu mwalimu mwanafunzi aletaye darasani kitu halisi badala ya picha. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini kitu halisi chaweza kuharibiwa na mikono ileile inayokileta.

Katika shule moja ya huku milimani Usambara, kijana wetu aliazima upanga wa zamani wa ofisa wa askari wapanda farasi wa Kiingereza, uliotunzwa na ukoo mmoja karibu na Lushoto. Usiku wa kuamkia somo aliusugua kwa msasa hata ukang'aa. Watoto walishangilia, sisi tulihuzunika.

Nakshi za panga hizo huchorwa kwa tindikali, nazo hazina kina. Humo huwekwa herufi za mtawala wa Uingereza: V R kwa Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901, au G R kwa Mfalme George V, aliyeanza kutawala mwaka 1910. Panga nyingi za kampuni ya Wilkinson ya London zina namba mgongoni mwa bapa, na kwa namba hiyo huweza kujulikana mwaka wa kutengenezwa. Msasa hufuta yote hayo.

Tungependekeza andalio la somo la namna nyingine. Upanga ulazwe mezani pamoja na kutu yake, mwalimu peke yake akiugusa. Ndipo maswali yaanze. Herufi hizi ni za nani? Mbona bapa halifanani na panga letu la shambani? Watoto wataona kwamba panga ni la kufyekea, hali upanga wa ofisa wa mtindo wa 1912 ni mnyoofu, wa kuchomea, farasi akiwa mbioni.

Na farasi wako wapi? Swali hilo litalipeleka darasa bondeni. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliiteka Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, baada ya majeshi yao kuteremka bonde la Pangani. Katika vita vile farasi maelfu walikufa kwa nagana, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Hivyo historia, jiografia na sayansi hukutana katika chuma kimoja. Hata hivyo, mwalimu asiharakishe kusema kwamba upanga alioushika ulikuja na vita hivyo. Masimulizi ya ukoo na alama za chumani vipimwe pamoja.

Kuhusu utunzaji, yatosha kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu na kupaka mafuta kidogo ya mashine. Bapa lisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu, na ukungu wa milima hii huleta unyevu mwingi.

Tulifuatana na kijana yule kuurudisha upanga. Mzee mwenyewe aliugeuzageuza, akauliza zile herufi zimekwenda wapi. Hatukuwa na jibu. Kosa halikuwa la kijana peke yake: sisi tuliomfundisha kutafuta vifaa hatukumfundisha kwamba kitu cha kuazima ni amana, na kwamba hali yake, pamoja na kutu, ni sehemu ya somo. Ninyi mnaokwenda mashuleni mwaka huu, msiyarudie makosa yetu.