Kompyuta ikijizima na kujiwasha, usikimbilie kufutiwa diski

Mafundi wetu wa kompyuta wana dawa moja kwa maradhi yote: "Tupige Windows upya." Kompyuta nzito, piga Windows. Haishiki intaneti, piga Windows. Inajizima na kujiwasha katikati ya kazi, pia piga Windows. Mimi nasema hili la mwisho tulikatae, khasa kwa kompyuta ya kazi iliyounganishwa kipande kipande, ambayo haina kampuni moja ya kuirudishia.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Muscat. Mashine yangu ilianza vituko Ramadhani iliyopita: unachora, kioo kinakuwa cheusi, mara unaiona inawaka yenyewe. Hakuna kioo cha buluu wala ujumbe. Siku nyingine mara mbili, siku nyingine hakuna kitu. Nikaipeleka duka moja Ruwi. Kijana hakuniuliza hata inazima wakati gani, akataka riyali 10 na ruhusa ya kufuta diski. Nikaibeba nikarudi nayo. Mle mna ramani za wateja walioshalipa nusu, na picha za harusi za wazee wetu Unguja ambazo karatasi zake zishaliwa na mchwa. Kitu cha mwanzo nilichofanya nyumbani ni kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, kwa sababu mashine inayokatika ghafla inaweza kuharibu faili wakati inaliandika.

Suali la "wakati gani" ndilo nusu ya tiba. Ikizima unapoipa kazi nzito, anza na umeme na joto. Ikizima hata imekaa tu, usisahau nyaya na memori. Windows nayo inaweka daftari lake: fungua Event Viewer, utakuta tukio namba 41, Kernel-Power. Wengi wakiliona hudhani ugonjwa wameupata. Sivyo. Linasema tu kwamba mashine iliondoka bila ya kuaga. Ingia kwenye maelezo yake utazame BugcheckCode. Kama ni 0, Windows haikuwahi hata kuandika kosa, na shaka inaelekea zaidi kwenye chuma na umeme kuliko programu. Yangu ilikuwa 0 kila mara. Sasa kupiga Windows kungetibu nini?

Nikafungua boksi. Vumbi letu la huku mnalijua, likiziba feni na mashine iko chumba kisicho na AC mwezi wa Juni, prosesa inafika nyuzi 90 na kitu, inapunguza mwendo, mwisho inajizima kujiokoa. Nikasafisha, nikapima, joto liko sawa. Nikachomoa memori na kuirudisha, nikazima XMP kwenye BIOS, ile inayoiendesha memori kwa kasi kubwa, kisha nikaacha MemTest86 usiku kucha. Hakuna kosa hata moja. Nikakandamiza plagi zote za umeme kwenye mazabodi, na nikachomoa ule uzi mdogo wa kitufe cha kuwashia upya, maana kitufe kibovu huweza kufanya mambo haya haya. Mashine ikaendelea kuzima. Nilikuwa nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu ikapona, hutojua dawa ilikuwa ipi.

Ikabaki pawa saplai. Kwa mashine za kuunganisha, hapo ndipo watu wanapobana pesa: kadi ya picha ya riyali 200, pawa saplai ya riyali 12. Kadi inapochora huvuta umeme kwa vishindo vya muda mfupi sana, na pawa saplai dhaifu au iliyozeeka hujikata. Mtoto wa ami yangu akaniazima yake ya wati 750, yangu ilikuwa 500 na miaka minne. Wiki tatu nzima nikachora, haikuzima hata mara moja. Nikanunua mpya. Ile mbovu sikuifungua, na wewe usifungue: ndani yake umeme hubaki hata ukishachomoa waya.

Jambo jingine linaniudhi. Mashine kama hizi zikitushinda huku tunazitia kwenye kontena tunawapelekea jamaa Zanzibar, tunasema "bado nzima, inasumbua kidogo tu." Kule umeme unapanda na kushuka, na mtoto wa skuli anaachiwa kitu kinachomfutia kazi yake kila jioni. Kama unapeleka, tia pawa saplai mpya kwanza.

Na ukilazimika kwenda kwa fundi, nenda na tarehe na saa za kuzima umeziandika. Muulize atapima nini kabla ya kufuta. Akikubadilishia kifaa, mwambie akupe kile kilichotoka pamoja na risiti.