Meli ya jamii au meli ya wakubwa: ipi itufaayo?

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye anakaa Uingereza pamoja na mumewe na watoto wao wawili, alinipigia simu baada ya Isha. Tulipokwisha shikamoo na marahaba akaniambia, "Baba, tumeweka akiba kidogo. Twataka tuwatembeze wewe na mama kwa meli, wiki nzima. Lakini niambie mapema: mwataka meli ya jamii, yenye watoto, ama mwataka ile ya watu wazima peke yao mupumzike?"

Nikamwomba anipe siku chache nifikiri. Asiyenijua ataona ajabu, kwani hilo si swali la kumkosesha mtu usingizi. Lakini mimi meli hizo nazijua kwa ndani. Tangu mwaka 1994 hadi 2012 nilikuwa mtumishi wa vyumba katika meli za matembezi. Miaka mingi nilikuwa katika meli ya jamii, na mikataba yangu minne ya mwisho niliifanya katika meli isiyopokea mtoto. Kampuni nilizozitumikia sitazitaja, maana nia yangu si kumchongea mtu.

Swali hilo nililipeleka barazani kwetu, mahali tunapokunywa kahawa baada ya Alasiri. Mzee mmoja akasema pale pale, "Ya wakubwa hiyo? Hapana haja ya kuuliza. Penye watu wazima peke yao usiku kucha huko baharini, pana nini ila ulevi na kamari? Chukua ya watoto, hiyo ni safi." Wote wakaitikia. Mimi nikanyamaza, si kwa kukubali, bali kwa kuwa jibu langu lilikuwa refu. Leo nalitoa hapa.

Kwanza natufahamiane tunazungumza juu ya nini. Safari hizi si safari za kufika mahali. Abiria hupanda bandarini, huzungushwa visiwani siku saba au zaidi, kisha hurudishwa pale pale alipopandia. Makao makuu ya biashara hii ni Miami, Marekani, na visiwa vya Karibi ndivyo uwanja wake mkubwa. Mwaka 2023 watu zaidi ya milioni 30 walisafiri hivyo duniani. Hata sisi Mombasa tunaziona zikiingia Kilindini. Mwezi wa Januari 2024 ilitia nanga Norwegian Dawn, meli ibebayo abiria zaidi ya 2,000, na mji mzima ukatoka kutazama.

Sasa, katika biashara hii ziko kampuni zilizojipambanua kwa ajili ya jamii. Inayosifika zaidi ni ile ya Disney, watu wa sinema za katuni, ambayo meli yake ya kwanza, Disney Magic, ilianza kazi mwaka 1998. Humo wahusika wa katuni hutembea wakipeana mikono na watoto. Jamii hula leo katika ukumbi huu na kesho katika ukumbi mwingine, na wale watumishi wa meza huwafuata popote waendapo, hata ikifika siku ya tatu wanajua nani hapendi karoti. Kasino hakuna. Hilo ni jambo la kusifiwa, na wengi hawalijui. Lakini mabaa yako, tena yako na mahali palipotengwa kwa wakubwa tu.

Iko pia Royal Caribbean, ambayo mwezi wa Januari 2024 ilizindua Icon of the Seas, meli yenye sitaha 20 iwezayo kujaa abiria 7,600. Ina mahodhi saba ya kuogelea na miteremko sita ya maji ambayo watoto huteleza wakipiga kelele za furaha. Imetangazwa kila mahali kuwa ni meli ya jamii. Na kweli ni ya jamii. Walakini humo humo imo kasino. Je, mzee wangu wa baraza angeiita safi?

Upande wa pili ziko zile za wakubwa. Virgin Voyages, ya tajiri Richard Branson, ilianza kupakia abiria mwaka 2021, na haipokei mtu aliye chini ya miaka 18. Humo kuna kasino, kuna muziki wa usiku, na hata duka la kuchora chale mwilini. Mzee wangu angesema, "Si niliwaambia?" Lakini asubiri kidogo. Ziko meli za bahari za Viking, kampuni iliyoanzishwa na Torstein Hagen wa Norway, nazo pia hazimpokei aliye chini ya miaka 18. Humo hakuna kasino. Kuna maktaba, na kuna wataalamu watoao mihadhara juu ya historia ya bandari itakayofikiwa kesho. Kuna mvinyo mezani, hilo silifichi. Waingereza nao wana Arcadia na Aurora za P&O, zinazotoka Southampton bila watoto, na meli za Saga ambazo ni za watu waliotimiza miaka 50. Wengi wa abiria wa meli kama hizi ni wazee waliostaafu, na ifikapo saa nne za usiku wengi wao wamekwisha lala.

Kwa hiyo jina la meli halikuambii yaliyomo. Iko meli ya watoto isiyo na kamari na iko yenye kamari. Iko meli ya wakubwa yenye makelele na iko iliyotulia kama maktaba. Anayetaka kujua kama atapata chakula cha halali, au kama atapita mbele ya meza za kamari kila aendapo kula, hana budi kuuliza mambo hayo yenyewe. Asitosheke na picha ya mtoto anayecheka kwenye tangazo.

Lakini hayo yote ni madogo. Lililonifanya nisilale ni jambo jingine, na hilo sikulisoma katika tangazo lolote. Nililiona kwa macho yangu.

Katika meli ya jamii niliyoitumikia, swali nililoulizwa zaidi na wazazi siku ya kwanza halikuwa juu ya bahari wala visiwa. Waliuliza, "Chumba cha watoto chafunguliwa saa ngapi?" Meli hizi zina vyumba vya watoto kwa rika: wadogo wachanga mbali, wa miaka mitatu hadi kumi mbali, wa makamo mbali, vijana mbali. Vina walezi waliofunzwa na michezo ya kila namna, na hufunguliwa asubuhi hadi usiku. Nimeona watoto waliopelekwa baada ya chai na kuchukuliwa wakiwa wamelala. Baba yuko kwenye jua, mama yuko anakandwa mwili, babu yuko kasino, na mtoto yuko kwa mlezi wa kulipwa. Wote wako katika meli moja, tena iitwayo ya jamii, lakini kila rika lina sitaha yake.

Nikahamia meli ya wakubwa. Humo hapakuwa na mtoto hata mmoja, na nilidhani nitasikia mazungumzo mengine. La hasha! Kila chumba nilichoingia kutandika kitanda, palikuwa na picha za wajukuu mezani. Bibi mmoja, mjane, aliniita kila asubuhi anionyeshe mjukuu wake amevaa sare ya shule, kana kwamba jana hakunionyesha. Walilipa fedha nyingi wakae mbali na kelele za watoto, kisha wakashinda kutwa wakiwataja.

Msinielewe vibaya. Silaumu mzazi kupumzika. Mama aliyelea mwaka mzima ana haki ya saa mbili za kukaa na mumewe kwa utulivu, na kwetu pia mtoto hupelekwa kwa shangazi au kwa nyanya ili mama apate nafasi. Wala silaumu wazee wawili kutaka kwenda peke yao. Meli isemayo wazi kwamba haitaki watoto ina ukweli wake, haimdanganyi mtu. Na wale walezi wa melini, wengi wao ni vijana wema, na watoto hufurahi. Nisemalo ni kwamba tusidanganyike na neno jamii. Kukaa chombo kimoja si kuwa pamoja.

Wazee wetu walisafiri kwa meli kabla ya biashara hii kuzaliwa. Kampala na Karanja, meli za kampuni ya British India, zilianza kazi mwaka 1947 na 1948 zikipita baina ya Bombay na pwani yetu. Nikiwa mtoto wa miaka saba hivi nilipelekwa Kilindini kumpokea ami yangu aliyekuja na Karanja. Abiria wengi hawakuwa na vyumba, walikuwa wakilala sitahani juu ya mikeka na mabusati. Nakumbuka ami aliteremka na watoto wake, mmoja begani na mmoja amemshika mkono, na nyanya wa watoto nyuma amebeba birika. Usafiri ule ulikuwa na dhiki nyingi, sitaki kuupamba. Lakini hapana aliyeuliza kama ile ni meli ya watoto au ya wakubwa.

Na hapa yanipasa niseme langu, maana nikiwasema wengine bila kujisema nitakuwa mnafiki.

Katika kazi yangu nilifunzwa kukunja taulo zikawa wanyama: tembo, sungura, nyani wa kuning'inia. Kila jioni nilikuwa nikiweka mmoja juu ya kitanda cha mtoto, na asubuhi watoto walinikimbilia ukumbini wakiniita kwa jina. Mkataba ulikuwa miezi minane, nyumbani miezi miwili, kisha tena. Kwa kazi hiyo nilijenga nyumba na nikasomesha wanangu, na ninashukuru. Binti yangu huyu anayenipigia simu leo alikuwa na mwaka mmoja nilipoondoka mara ya kwanza. Alipokuwa na miaka tisa nilirudi nikamkunjia tembo wa taulo. Akamtazama, akaniuliza, "Baba, watoto wa melini wanakujua?" Nikamjibu kwamba wananijua. Akasema, "Basi vizuri," akaenda kucheza. Mpaka leo sijapata jibu jingine la kumpa.

Wako vijana wengi wa Pwani walio katika meli hizo hivi sasa, jikoni, vyumbani na sitahani. Wanapofurahi abiria na jamii zao, aghalabu yuko mtu mwingine aliyeiacha yake ili furaha hiyo ipatikane. Hilo halimo katika matangazo ya meli za watoto wala za wakubwa.

Tangu Desemba 2024 liko jambo jipya ambalo wasomaji wangu watapenda kulisikia. Wasaudi wameanzisha kampuni iitwayo Aroya, na meli yao ya kwanza, Aroya Manara, hutoka Jeddah. Iliundwa Ujerumani mwaka 2017 ikiitwa World Dream, wakainunua wakaitengeneza upya. Humo hakuna pombe wala kasino, chakula ni cha halali, mahali pa kusalia pako, na wanawake wana sehemu zao. Watoto nao wametengenezewa uwanja mkubwa wa michezo. Jina lenyewe, Manara, ni ndugu wa neno letu mnara. Nilipowasomea habari hizi barazani, yule mzee akapiga goti lake kwa furaha akasema, "Hiyo ndiyo!"

Nami nimefurahi, kwa sababu mengi ya matatizo niliyoyataja yameondoka humo. Lakini nikamwambia mzee wangu kwamba hata humo, ukimpeleka mjukuu kwenye uwanja wa michezo asubuhi ukamchukua usiku, utakuwa umesafiri bila yeye. Hilo halitengenezwi na kampuni. Lataka mtu mwenyewe.

Nilipomweleza mke wangu habari za safari hii alicheka akasema, "Mimi hizo meli nazijua. Zilikuwa zikija kukuchukua." Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba akienda ataka aende na watoto, si vinginevyo.

Basi juzi nikampigia simu binti yangu. Nikamwambia atafute meli ya jamii isiyo na kasino, aulize chakula kabla ya kulipa fedha, na kama Manara itawezekana, hiyo iwe mbele. Yeye na mumewe wakitaka kwenda kukaa peke yao, saa mbili au kutwa nzima, waende kwa amani. Lakini wale watoto wawili wasiandikishwe chumba cha watoto. Watakuwa na mimi na nyanya yao.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na utaweza, Baba? Wana matata hao."

Nikamwambia taulo bado nazijua kuzikunja.