Bangili ya Plastiki Si Pete ya Ndoa

Mnitukane vile mnataka, lakini leo naisema. Kama mnapendana kweli, msiende kusherehekea anivasari yenu kwenye hoteli ya ufuoni ya kila-kitu-ndani. Mnaijua hiyo ofa: usiku tatu, vyakula vyote, vinywaji vyote, vitafunio vya saa kumi, mnavishwa bangili ya plastiki mkiingia na hamtoi hata shilingi mfukoni mpaka siku ya kurudi. Iacheni.

Najua nani ananisoma. Wengine mko mwezi wa pili wa lipa pole pole. Wengine mnamtumia mtu wenu hizo video saa sita usiku na kuandika "sisi lini?" Mimi pia nilikuwa hapo. Mwaka jana mwezi wa nane mimi na mume wangu tulifikisha miaka miwili ya ndoa, tukaenda Diani. Shilingi 66,000 kwa watu wawili, tulizilipa kwa miezi mitano, na kuna mwezi mmoja tulikula sukuma wiki mpaka nikaanza kuiota. Kwa hiyo msiniambie ni wivu. Risiti ninayo.

Kwanza, anivasari za huko zote ni moja. Mnaingia chumbani mnakuta bata wawili wa taulo wanabusiana kitandani, maua yamemwagwa yakafanya moyo. Picha. Asubuhi sinia ya matunda na mkate inaelea kwenye swimming, na nyinyi mko ndani ya maji mnajifanya hivyo ndivyo watu hula. (Mkate huloa. Hakuna mtu huposti mkate uliloa.) Jioni nguo nyeupe, mnatembea ufuoni mmempa mpiga picha mgongo. Sisi tulikuta wapenzi wanne mbele yetu kwa ule mnazi uliolalia upande, wote wamevaa nyeupe, wanapishana kama wako studio ya picha za pasipoti. Nikamwangalia dada mmoja, naye akaniangalia, tukacheka kidogo ile ya aibu. Halafu zamu yetu ikafika na nikapanda huo mnazi.

Sasa tuongee bangili. Bei ya ofa imepigwa ili hoteli isipate hasara hata kama wageni kadhaa wanakunywa kama samaki. Mimi sinywi pombe. Mume wangu akijikaza ni bia mbili. Maana yake sisi tulikuwa tunamnunulia yule jamaa wa meza ya pembeni, aliyekuwa anaitisha ya kwanza saa nne asubuhi. Alikuwa mcheshi, sikatai, lakini sikumwoa yeye. Bafe nayo imepangwa kwa akili. Unaanzia kwa mikate, wali, viazi, makaroni, sahani inajaa, halafu ndiyo unafika kwa nyama, na hapo kuna mpishi ameshika koleo anakugawia yeye mwenyewe. Kamba? Unaongeza pesa. Dafu? Unaongeza pesa. Dafu, wasee. Diani. Minazi imesimama juu ya kichwa chako.

Lakini hesabu naweza kusamehe. Kile siwezi kusamehe ni venye hiyo bangili iliingia kwa kichwa yangu. Ukishalipia chakula, kitu chochote cha nje kinageuka kuwa hasara. Siku ya pili mume wangu alisema twende Ukunda tukatafute viazi karai na pweza. Mimi, kwa mdomo wangu, nikamjibu: "Na chakula cha mchana tumeshalipia?" Akanyamaza. Tukarudi kwa foleni ya makaroni. Yaani tumetoka Nairobi, kilomita kama 500, tukavuka bahari, tuje kula makaroni.

Na hapo ndani hakuna cha kuamua. Nyumbani tunagombana nani ataosha sufuria, tupike nini, tumtembelee mama ya nani Jumapili. Tunagombana, tunaelewana, tunacheka. Hiyo ndiyo ndoa yetu ilivyo, na ndiyo nilitaka kusherehekea. Pale siku zote hizo hatukuamua kitu hata kimoja. Saa ya kula tuliambiwa, saa ya kucheza tuliambiwa, hata saa ya mahaba ilikuwa kwenye ratiba, saa kumi na mbili jioni, mishumaa. Tulipoishiwa na mahali pa kupigia picha tukatoa simu, kila mtu na yake, tukakaa.

Huu mtindo haukuanzia kwetu. Mwaka 1950 Mbelgiji anaitwa Gérard Blitz alifungua kijiji cha mahema huko Alcúdia, kisiwa cha Mallorca. Ndiyo ilikuwa Club Med ya kwanza. Watu wa Ulaya walikuwa wametoka vitani juzi, wakalipa mara moja, wakasahau pesa na shida wakaogelea. Siwalaumu. Mwaka 1981 Gordon Stewart, yule walimwita Butch, akaanzisha Sandals huko Montego Bay, Jamaika, hoteli ya wapenzi wawili wawili tu, na baadaye kila mtu akaiga. Pwani yetu nayo ilijengewa mgeni aliyeshuka na ndege ya kukodishwa kutoka Ulaya, ambaye amesikia kwao kwamba nje ni hatari. Ukuta ulikuwa wa kumtuliza huyo. Sasa nikuulize wewe wa Umoja, wewe wa Githurai, wewe unapanda matatu saa nne usiku na simu umeficha kwa soksi: huo ukuta unakukinga na nani? Na mama wa mahamri?

Haya, niseme kile kilinifanya niandike.

Shangazi yangu anaishi Ukunda. Alinilea miaka miwili mama akiwa mgonjwa, nikiwa darasa la tatu na la nne. Kiswahili changu chote kizuri ni chake, ile mibaya ni ya Nairobi. Sikumwambia tunakuja. Nilijiambia nitampigia tukishatulia, halafu siku zikaenda. Yeye akaona stetasi yangu ya WhatsApp, bata wa taulo na kila kitu, na jioni yetu ya mwisho akapanda tuktuk na kikapu.

Simu ya chumbani ikalia. Getini kuna mama anakuuliza. Nikashuka mbio na hiyo bangili mkononi. Alikuwa amevaa vizuri, amejitanda leso mpya, amesimama pembeni ya kibanda cha askari kama mtu anayengoja daktari.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Humu hawawapi chakula?"

Askari alikuwa na adabu, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Mama, utanisamehe," alimwambia. "Mgeni wa kutwa analipa elfu nne na mia tano, na chakula cha nje hakiingii. Si mimi mama, ni sheria ya hoteli."

"Mimi sikuja kula, baba. Nimekuja kuwapa watoto wangu mkono wa heri."

Ningetoka. Tuktuk yenyewe ilikuwa bado iko pale, ningepanda naye, dakika kumi tuko kwake. Lakini saa kumi na mbili ilikuwa ile mishumaa, na mpiga picha tulikuwa tumeshamlipa. Nikamwambia Shangazi tutapita kesho. Akasema haya. Akanipa doti ya leso (jina lake sitaliandika hapa, ni letu) na mahamri yamefungwa kwa gazeti, bado moto. Leso niliingia nazo. Mahamri yaliachwa getini. Na kesho hatukupita, juu gari la kuturudisha lilitoka saa mbili asubuhi.

Usiku huo huo, ebu sikieni, ulikuwa usiku wa Waswahili. Iko kwenye ofa. Vijana walicheza ngoma wamefunga leso, tukapewa samaki wa kupaka kwa sahani ndogo, na jamaa mwenye kipaza sauti akatufundisha kusema "jambo". Mimi nikafundishwa "jambo". Aliyenifundisha Kiswahili alikuwa amerudishwa getini masaa matatu kabla.

Na hata huo mchanga tulikuwa tunapigia picha si wa hoteli. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ya umma. Shangazi ana haki hapo kama mimi, bila bangili. Lakini ukitoka barabarani, njia za kufika ufuoni ni chache, zimebanwa katikati ya kuta. Na ukishafika mbele ya hoteli yetu kulikuwa na kamba na askari mwingine. Upande huu vitanda vya jua, upande ule wauza shanga na kijana wa ngamia, wanakuita kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Niliruka hiyo kamba labda mara kumi kwenda kupiga picha. Hata siku moja sikujiuliza inazuia nani.

Naona komenti zikija. "Siz, hakuna aliyekufungia, ni wewe ulikataa kutoka." Kabisa. Hiyo ndiyo hoja yangu. Hakuna aliyenifungia, nililipa pesa ya miezi mitano ili nijifungie mwenyewe, na nikajifungia vizuri sana. "Hoteli zinaajiri watu wa Pwani." Ni kweli, na yule askari ni mmoja wao, na mama aliyetengeneza wale bata ni mwingine. Niliwaachia bakshishi. Lakini mvuvi, mtu wa tuktuk na muuza viazi karai nao wana kazi, na katika ile 66,000 hakuna niliyempa kwa mkono wangu hata kumi. "Mimi nataka tu kupumzika nisifikirie." Wazazi wa watoto watatu wadogo, nyinyi nendeni, laleni, Mungu awabariki. Wewe wa miaka ishirini na nne mwenye paka mmoja, unapumzika kutoka kwa nini? "Si kila mtu ana shangazi Ukunda." Sawa. Lakini kila mtu ana miguu, na huyo mama wa viazi karai hatakuuliza ukoo wako.

Kitu kimoja tunasahau ni kwamba sisi ndio wateja. Mwezi wa tano 2014 serikali ya Uingereza ilipowaonya watu wake kuhusu Mombasa, kampuni za utalii ziliwachukua wageni wao katikati ya likizo zikawarudisha kwao, na kuna hoteli za Pwani zilifunga milango. Korona ilipokuja 2020 ikawa hivyo tena. Wageni wa mbali wakipotea, anayeangaliwa ajaze vitanda ni msee wa SGR na mkoba wake. Basi tuulize maswali kama watu wanaolipa. Bei ya kitanda na chai ya asubuhi peke yake ni ngapi? Uliza kwa simu hata kama haiko kwa bango. Sisi wasiokunywa pombe tunalipa ngapi? Mgeni wangu akija kunisalimia nusu saa, atakaa wapi, na atapewa maji? Hilo la mwisho ulizeni kwa sauti. Wakianza kukukorogea maneno, kata simu, tafuta kwingine.

Mwaka huu tunafikisha mitatu na tunarudi Diani. SGR ya kawaida ni 1,500 kila mtu tangu 2024, feri ya Likoni ukivuka kwa miguu ni bure, kutoka hapo ni matatu. Tumepata chumba karibu na barabara kuu, kina feni na neti, hakina bata. Nataka tutembee ufuoni maji yakikupwa mpaka Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unaingia baharini, ule uliojengwa kwa mawe ya matumbawe zamani hizo. Nilipelekwa nikiwa mdogo na nakumbuka ule mlio wa maji tu. Nataka pia Kaya Kinondo, moja ya misitu ya Mijikenda iliyowekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008. Huko nako unafungwa kitu, kaniki nyeusi kiunoni, lakini unaambiwa ni kwa heshima ya nani. Mume wangu anataka Wasini. Mimi mashua hunitapisha. Tumebishana siku tatu mpaka sasa na hatujamaliza, na manze, hii ndiyo anivasari nimeifurahia kuliko zote na hata hatujapanda treni.

Wiki jana nilimpigia Shangazi kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejitayarisha kulia. Hakunipa nafasi. Aliuliza tunafika siku gani, tunalala wapi, na kwa nini hatulali kwake. Halafu akauliza kitu ambacho hakikuwa kimeniingia akilini mwaka mzima: yule askari, aliyala yale mahamri?

Nikamwambia sijui.

Akasema basi atakaanga mengine tukifika, na tukiwa njiani tupite pale getini tumuulize.