Duka la Mhindi Limegeuzwa Keja: Malaba Inakuita, Lakini Karatasi Je?

Wasee, kuna keja ambazo huwezi pata Kasarani hata ukizunguka mwaka mzima. Ni yale maduka ya zamani ya Wahindi kwenye masoko ya Western. Ukuta mnene, paa la mabati, veranda mbele. Watu waliuza mbele, familia ikalala nyuma. Toa kaunta, weka taili na choo cha ndani, na mbogi ya watoto ina mahali pa kukimbia. Broka akikutumia picha za moja pande za Busia ama Malaba, moyo unaruka.

Tulia kwanza. Reli ilipitia Malaba kuingia Tororo, na kufikia 1931 treni zilikuwa zinafika Kampala. Biashara ikafuata reli. Halafu 1967 Kenya ikaleta Sheria ya Leseni za Biashara iliyowabana wasio raia, Wahindi wengi wakahama. Ng'ambo, Idi Amin akawapa siku 90 mwaka wa 1972. Kwa hivyo jengo kama hilo linaweza kuwa limepita mikono mingi, mara kwa barua, mara kwa mdomo tu. Hapo ndipo noma iko.

Ploti nyingi za soko ni za lizi. Lizi ikiisha, umenunua ukuta, udongo si wako. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye lizi, kama ni raia, nafasi ya kwanza ya kuomba tena, mradi serikali haihitaji hiyo ardhi kwa matumizi ya umma. Lakini nafasi ya kwanza si taito.

Na ukiambiwa ni "nyumba ya stesheni", chunga zaidi. Nyumba za reli ni za Shirika la Reli. Msee wa mtaani hana cha kukuuzia bila karatasi za shirika, hata akikuimbia SGR inakuja Malaba.

Kuna pia stori ya mpaka. Waiteso wako pande zote mbili za Malaba, Wasamia pande zote za Busia. Kazo wa Uganda anaweza kutaka kuchanga doh mnunue pamoja. Poa, lakini kifungu cha 65 cha Katiba kinampa asiye raia lizi tu, isiyozidi miaka 99. Mkificha pesa yake nyuma ya jina lako, mnajipangia kesi ya familia.

Kabla utume hata thao moja, fanya sachi kwa ofisi ya ardhi. Uliza lizi imebaki miaka mingapi na kama kuna deni la kaunti. Muuzaji ana bibi ama bwana? Idhini yake iwe kwa maandishi. Kama ni shamba, lazima bodi ya ardhi ikubali. Na kama serikali imelitangaza jengo kuwa urithi chini ya sheria ya 2006, huguzi ukuta bila ruhusa.

Sisemi mzihepe hizi nyumba. Zikikosa watu wa kuishi ndani, zitabomolewa tupate maegesho mengine ya malori. Familia ikiingia, historia inabaki imesimama. Nunua tu, lakini lipa wakili kabla hujalipa fundi.